Michezo ya simu wakati wa kipupwe: ipi inapumzisha, ipi inachosha?

Kipupwe kimekwisha ingia. Kuanzia Juni hadi Agosti wakazi wa Kibosho, Uru, Machame, Marangu na Rombo ya juu huamka na kukuta ukungu umelala juu ya migomba. Manyunyu ya asubuhi huchelewesha kazi za shamba, na Kibo chenyewe huweza kukaa siku kadhaa bila kuonekana. Hata Moshi mjini, ambako mwezi wa Februari watu hulalamikia joto, utaona makoti na masweta sokoni. Jua huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa moja usiku familia nyingi zimekwisha funga milango. Shule nazo zina likizo ya katikati ya mwaka. Watoto wako ndani, wazazi wako ndani, babu na bibi wako ndani, na kila mwenye simu anaitazama simu yake.

Swali la mwezi huu ni hili: michezo ya simu, ambayo vijana huiita gemu, ni mapumziko au ni uchovu mwingine?

Wazazi wengi wamekwisha toa jibu: "Gemu zinaharibu watoto." Wengine, hasa akina mama wenye watoto wengi katika nyumba ndogo, husema: "Afadhali, angalau wametulia." Majibu yote mawili yana ukweli kidogo, lakini yanachanganya vitu visivyofanana. Kuihukumu michezo yote kwa pamoja ni sawa na kusema uji wa ulezi na gongo ni kitu kimoja kwa kuwa vyote hunywewa.

AKILI NAYO HUCHOKA

Mwili uliochoka hupumzika ukiketi. Akili haipumziki hivyo. Mama aliyerudi kutoka soko la Mbuyuni anaweza kuketi karibu na moto, miguu ameinyoosha, na huku kichwani hesabu zinaendelea: ada ya shule, marejesho ya VICOBA, dawa ya bibi, bei ya kahawa itakuwaje msimu huu. Mwili umeketi, akili bado iko sokoni. Baridi na giza huzidisha hali hiyo, kwa kuwa mtu hana pa kutokea akabadilishe mawazo.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kufundishwa. Jioni ya baridi ilikuwa na kuchambua maharage, kupukuchua mahindi, kufuma sweta. Hizo ni kazi nyepesi za mikono zinazodai uangalifu kidogo bila kumtisha mtu. Akili ikipewa kazi ndogo ya namna hiyo, huacha kwa muda kuzunguka jambo lile lile.

Siku hizi wataalamu wamelipima. Mwaka 2018 mwanasaikolojia Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, nchini Marekani, na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wanaosubiri habari za kuwatia wasiwasi. Katika jaribio mojawapo watu waliambiwa kwamba wenzao wataupima uzuri wa sura zao, kisha wakaachwa wasubiri majibu. Mtu yeyote angekosa raha! Wakati wa kusubiri walipewa mchezo wa Tetris. Kundi moja lilipewa mchezo rahisi mno, kundi la pili mgumu mno, na kundi la tatu lilipewa mchezo uliojirekebisha kulingana na uwezo wa mchezaji: akiweza, unaongeza kasi, akishindwa, unapunguza. Hili kundi la tatu ndilo lililozama zaidi katika mchezo, na ndilo lililosubiri kwa nafuu kuliko mengine.

Kwa wasioufahamu, Tetris ni mchezo wa vipande vya maumbo mbalimbali vinavyoshuka kutoka juu ya kioo, nawe unavigeuza na kuvipanga visiache nafasi, kama fundi anavyopanga matofali. Mstari ukijaa, unafutika. Ulibuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, na hadi leo huchezwa hata kwenye simu za bei nafuu.

Mchezo huo huo umejaribiwa katika jambo zito zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford, Uingereza, akiwemo Profesa Emily Holmes, walitoa matokeo ya jaribio lililohusu watu 71 waliofikishwa hospitali baada ya ajali za barabarani. Baadhi yao, saa chache tu baada ya ajali, waliombwa kuikumbuka kwa ufupi, kisha wakacheza Tetris kama dakika 20. Katika juma lililofuata picha za ajali ziliwarudia kichwani mara chache kuliko wenzao. Maelezo ya wataalamu ni kwamba macho ya akili yana nafasi yake ya kufanyia kazi, na nafasi hiyo ikijazwa vipande vya rangi, picha ya ajali hukosa mahali pa kujichora sawasawa. Sisi ambao karibu kila familia ina mtu aliyewahi kuanguka na bodaboda tunaelewa uzito wa jambo hili. Hata hivyo, kazi hiyo ilifanywa chini ya wataalamu. Mtu anayeshtuka usiku kwa sababu ya ajali au msiba asipewe simu akaachwa. Apelekwe kituo cha afya.

JE, UNAWEZA KUUACHA?

Kipimo cha nyumbani ni rahisi, wala hakihitaji mtaalamu. Mwite mtoto wako chakulani wakati anacheza. Mmoja atasema, "Naja, mama," ataiweka simu mezani, na baada ya kula ataukuta mchezo pale pale alipouacha. Mwingine atapiga kelele, "Mama, ngoja, nitakufa!" Hajifanyi. Mchezo wake kweli haumruhusu kuondoka: akiiweka simu chini, anashindwa, au anawaangusha wenzake anaocheza nao kwa mtandao. Wa kwanza ameushika mchezo. Wa pili ameshikwa.

Tofauti hii haitokani na tabia ya mtoto peke yake. Imejengwa ndani ya mchezo. Chukua Candy Crush, mchezo wa kupanga peremende uliotoka mwaka 2012 na unaochezwa na watu wazima wengi kuliko watoto. Kuupakua ni bure. Unapewa uhai mara tano. Ukishindwa mara tano, mlango unafungwa, na unasubiri dakika 30 ili kurudishiwa uhai mmoja. Kama huna subira, unaweza kulipa. Ndiyo maana mtu anaamka saa nane za usiku, anakumbuka kwamba uhai wake umerudi, anaitafuta simu chini ya mto. Wapo wanaoucheza kwa amani na kuuacha, lakini kazi ya kuuacha wanaifanya wao wenyewe, mchezo hauwasaidii.

Kadhalika ile mechi ya mpira kwenye vibanda vya PlayStation. Kijana analipia mechi, wenzake wamesimama nyuma yake wakimzomea, na anayefungwa anampisha mwingine. Raha ipo, tena nyingi, na hatusemi vijana wasiende kamwe. Lakini asitoke pale akasema amepumzika. Moyo umemdunda kama aliyekimbia.

Watafiti wa Oxford waliliangalia swali la muda pia. Mwaka 2020, wakitumia kumbukumbu za kampuni zenyewe badala ya kuwauliza watu wamecheza saa ngapi, walichunguza wachezaji zaidi ya 3,000 wa michezo miwili. Waliocheza zaidi walijisikia vizuri kidogo kuliko waliocheza kidogo. Magazeti ya Ulaya yakashangilia. Lakini mwaka 2022 watafiti hao hao wakarudia kwa wachezaji karibu 39,000 wa michezo saba, na wakaona kwamba muda wenyewe, uongezeke au upungue, hauna athari ya maana kwa hali ya moyo wa mchezaji. Kilichokuwa na uzito ni sababu ya kucheza. Anayecheza kwa kuwa anapenda alikuwa na hali nzuri; anayecheza kwa kuwa anajisikia kulazimika alikuwa na hali mbaya zaidi. Kwa hiyo mzazi anayehesabu dakika tu, bila kuuliza ni mchezo gani na mtoto anauchezea nini, anapima nusu ya jambo.

MICHEZO YA KUJARIBU

Tuanze na ile isiyohitaji chaji. Drafti haina haja ya maelezo: ubao wa miraba, vizibo 12 vya soda kwa kila upande, vya mmoja vikilala kifudifudi na vya mwingine chali. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Bao la Waswahili lenye kunamua ni gumu na linahitaji mwalimu, lakini watoto wanaweza kuanza na lile la kusambaza kete zote tangu mwanzo. Katika yote mawili hakuna saa. Mchezaji anaweza kufikiri, kunywa chai, kusimulia habari ya ng'ombe wa jirani, kisha akacheza. Cha kusikitisha ni kwamba michezo hii tumeiacha vijiweni kwa wanaume. Hakuna sheria inayosema ubao wa drafti usiingie jikoni, na wasichana wakifundishwa wanawafunga kaka zao bila huruma.

Kwa mwenye simu, ya kwanza ni karata za kupanga peke yako, yaani Solitaire. Kompyuta zenye Windows zililetewa mchezo huu mwaka 1990, na sababu mojawapo ilikuwa kuwazoesha watu wa ofisini kutumia kipanya bila woga. Walizoea kupita kiasi, kama mabosi wengi wanavyojua. Uzuri wake ni kwamba karata hazikungoji kwa hasira. Ukiitwa, unaiweka simu mfukoni.

Halafu kuna 2048, uliobuniwa mwaka 2014 na kijana wa Italia, Gabriele Cirulli. Ni miraba 16 yenye namba. Unazisukuma upande mmoja, na namba mbili zinazolingana zikigongana zinajumlishwa: 2 na 2 zinakuwa 4, 4 na 4 zinakuwa 8, hadi ufike 2,048 ukiweza. Hauna saa wala adui, na waweza kuchezwa bila intaneti. Mtoto wa darasa la tatu anajifunza kuzidisha kwa mbili bila kuchapwa. Sudoku nayo ni ya aina hiyo, ila kwenye simu zima ile saa inayohesabu sekunde juu ya kioo. Ukipenda, chora miraba kwenye daftari ucheze kwa kalamu na ufutio.

Wenye vitochi wasijione wamesahaulika. Mchezo wa nyoka, uliotengenezwa na Taneli Armanto wa Finland kwa ajili ya simu ya Nokia 6110 mwaka 1997, ulizifikia simu nyingi ndogo zilizofuata. Nyoka anakula, anarefuka, mwishowe anajing'ata. Mchezo mmoja ni wa dakika chache tu, nao ukiisha umeisha. Hakuna anayekuita urudi.

Kuna pia aina ambayo wenzetu wa nchi za baridi wanaipenda sana wakati wa giza lao. Mjini Stockholm mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri, na watu hutafuta kitu cha upole cha kufanya ndani. Mwaka 2020 walivamia Animal Crossing: New Horizons, mchezo wa kuhamia kisiwani, kupanda maua, kuvua samaki na kupamba nyumba. Hakuna wa kumpiga. Saa na majira ya kisiwa hufuata kalenda halisi, na mwanzoni unaulizwa unaishi nusu ipi ya dunia. Mtu wa Moshi akijibu kweli, kwamba yuko kusini ya ikweta, atapata theluji mwezi wa Julai, wakati ule ule ambao sisi tunajikunyata chini ya Kibo. Ila unahitaji mashine ya Nintendo Switch, ambayo ni ghali. Tunautaja kwa ajili ya wale wenye ndugu wa kuwaletea.

Unaofikika zaidi ni Stardew Valley, mchezo wa ukulima. Mmarekani Eric Barone aliutengeneza peke yake kwa miaka zaidi ya minne na kuutoa mwaka 2016. Tangu 2019 unapatikana kwenye simu za Android. Unalipiwa mara moja tu, kisha unachezwa bila intaneti wala matangazo. Mchezaji anarithi shamba la babu yake lililojaa magugu. Msomaji atacheka kwamba mtu atoke kupalilia kwenye kihamba chake akaingie ndani kupalilia kwenye kioo. Lakini humo ndani kahawa hukomaa kwa siku kumi za mchezo, wakati mche uliopandwa Kilema humngojesha mkulima miaka kama mitatu, na hakuna chulebuni wala kutu ya majani. Huenda ndiyo sababu unapumzisha! Tahadhari moja: siku ya mchezo ina saa inayokwenda, na wachezaji wengine huanza kujihimiza wamalize kazi kabla ya usiku. Ukijiona unaharakisha, mruhusu mkulima wako akalale mapema. Shamba halitakufa.

FEDHA IKIINGIA

Mchezo ukiwa na fedha ndani yake, usiuhesabu katika mapumziko, hata ukiwa na picha za matunda na muziki mtamu. Simu hiyo hiyo yenye Solitaire inaweza kuwa na kubashiri mechi, ndege inayopaa huku dau likiongezeka, na magurudumu ya bahati. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kuisimamia shughuli hiyo nchini, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini mtoto anayetumia simu ya mama yake, yenye laini ya mama na akiba ya mama, mtandao unamwona kuwa ni mama.

Kwa hiyo namba ya siri ya fedha isijulikane na mtoto, hata yule mwerevu anayekusaidia kutuma pesa. Likizo ndiyo wakati ambapo siri hiyo huvuja, kwa sababu simu iko mikononi mwake saa nyingi. Wazazi waangalie pia michezo ya kawaida inayouza masanduku ya bahati: unalipa bila kujua ndani kuna nini. Mwaka 2018 wakuu wa Ubelgiji waliamua kwamba masanduku hayo, yakilipiwa kwa fedha, ni kamari. Hapa kwetu mtoto hukutana nayo akidhani ni mchezo wa mpira tu.

WATOTO WADOGO NA WALE WALIOZAMA

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mtoto wa umri huo anayelia kwa sababu ya baridi anahitaji mgongo wa mtu na kanga. Simu itamnyamazisha, lakini haitampa joto.

Kwa wakubwa, Shirika hilo hilo limeuingiza ugonjwa wa kucheza gemu katika orodha ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Tusilikimbilie neno hilo. Mtoto aliyecheza mchana kutwa siku ya mvua si mgonjwa. Dalili ni tatu kwa pamoja: ameshindwa kujizuia, mchezo umetangulia mbele ya chakula, masomo, marafiki na shughuli nyingine zote, na anaendelea ingawa anaona madhara. Tena hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu kama miezi 12. Kijana wa namna hiyo hasaidiwi kwa kuvunjiwa simu. Mara nyingi mchezo ni mahali alipojificha, na kinachotakiwa kujulikana ni kile anachokimbia: shule anakoonewa, ugomvi wa nyumbani, au msiba ambao hakuna aliyezungumza naye juu yake. Mwongozeni kwa mganga, na mzazi aende naye.

MOTO, MACHO NA USINGIZI

Familia ikikusanyika ndani kucheza, mtu ataleta jiko la mkaa lipashe chumba joto. Hapa tunaomba msikilize vizuri. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikoozeshi. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, akidhani ni mafua au ni simu imemchosha macho. Akisinzia, huenda asiamke. Jiko likiingia, dirisha liachwe wazi, na kabla ya kulala jiko litolewe nje hata kama makaa yanaonekana yamekuwa majivu. Wachezaji wawili wakianza kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje wote mara moja, kisha mwende kituo cha afya.

Macho yanayotazama kioo hupepesa mara chache kuliko kawaida, hivyo hukauka na kuwasha, na moshi wa kuni unazidisha. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, kama mita sita au zaidi, kwa sekunde 20. Mgomba wa nje ya dirisha unatosha. Ukihitaji kuisogeza simu karibu sana na uso ili uone, tatizo si mchezo, pimwa macho.

Simu iachwe saa moja kabla ya kulala, ilale chumba kingine. Wengi husema hawana saa nyingine ya kuwaamshia. Saa ndogo ya mezani ya betri hufanya kazi hiyo, na haina mchezo ndani.

KUCHEZA NA WALIO MBALI

Desemba watoto na wajukuu hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo, na nyumba za mlimani hujaa. Kipupwe ndiyo miezi ya ukimya. Bibi amebaki na msaidizi mmoja, magoti yanamuuma, na simu ya mtoto wake ikija huwa ni ya dakika mbili: umekula, umepata dawa, haya usiku mwema. Mazungumzo hayaendelei kwa sababu pande zote mbili hazina la kusema. Mchezo hulileta la kusema.

Vijana wenye simu kubwa wanaweza kucheza sataranji, ambayo wengi huiita chesi, kwa Lichess, mtandao wa bure usio na matangazo ulioanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010. Humo unaweza kuchagua mchezo wa polepole ambao kila mtu anapewa siku kadhaa kwa hatua moja. Kaka aliye Hamburg anasogeza kete yake asubuhi akienda kazini, na dada aliye Kirua Vunjo anajibu jioni.

Kwa babu mwenye kitochi, drafti inatosha. Kila upande uwe na ubao wake. Ile miraba 32 inayochezewa iandikwe namba kwa wino, kuanzia 1 kwenye pembe moja hadi 32 upande wa pili, na mkubaliane nani anaanzia upande wa namba ndogo. Kisha hatua zinatajwa kwa namba mbili tu, ulipotoka na ulipofika: "22 kwenda 18." Zinaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi, au zikatajwa kwa sauti mkiwa mnazungumza. Asiyeona vizuri asomewe na mjukuu, ambaye baada ya siku mbili ataanza kumshauri babu, na babu atamwambia anyamaze.

Mpange na saa. Katika miezi hii ya Juni hadi Agosti, saa mbili usiku hapa Moshi ni saa moja jioni Ujerumani na saa sita mchana Minneapolis, Marekani. Ikifika Desemba tofauti huongezeka kwa saa moja kila upande, ila wakati huo, tunatumaini, mchezaji mwenyewe atakuwa ameketi hapo kwenye mkeka, ubao katikati.